HP 250 Zinatosha: Anayetaka Mashine Kubwa Zaidi Anatafuta Spidi, Hatafuti Samaki

Wadau, kuna bifu moja ambalo halijawahi kutrendi Bongo, lakini kwa mashabiki wa uvuvi wa mashindano kule Marekani haliishi. Sio bifu la wimbo, sio la mchumba. Ni bifu la mashine ya boti. Swali lenyewe ni fupi tu: mtu anayeshindana kuvua samaki aruhusiwe kufunga mashine ya hospawa ngapi nyuma ya boti yake?

Ukisikia kwa mara ya kwanza unaweza kucheka. Uvuvi si mtu anakaa kwenye jiwe na ndoano yake, anasubiri? Kule sivyo. Kule uvuvi ni ligi, ina mastaa, ina wadhamini, ina jezi zilizojaa nembo kama za madereva wa mbio za magari. Samaki wanayemwinda anaitwa besi. Sio besi ya spika, ni samaki wa maji baridi, mkali, anapenda kujificha kwenye majani na magogo. Bingwa wa Bassmaster Classic, ambayo ndiyo fainali kubwa kuliko zote, anaondoka na dola 300,000. Hiyo ni hela ya kujenga ghorofa kwa ajili ya samaki ambao wakishapimwa wanarudishwa majini wakiwa hai.

Kwenye ligi yao ya juu inayoendeshwa na B.A.S.S., sheria inasema mashine isizidi HP 250. Pia isizidi kiwango kilichoandikwa kwenye kibao cha boti yenyewe, yaani kama boti imepitishwa kubeba 200, hata kama sheria ya mashindano inasema 250 wewe mwisho wako ni 200. Ukiambiwa hivyo unadhani ishu imeisha. Haijaisha. Wapo wavuvi na mashabiki wanaosema dari hilo limepitwa na wakati, lipandishwe hadi 300 au liondolewe kabisa. Hoja zao zinasikika vizuri. Lakini ukizipiga darubini moja moja unagundua kitu: hospawa zikiongezwa kwa kila mtu, hakuna hata mmoja anayepata samaki wa ziada. Bili ndiyo inaongezeka, na wanaolipa ni watu ambao hata hawakuagiza.

250 ni nyingi kiasi gani?

Tuanze na picha halisi ili mtu asidhani HP 250 ni kamashine ka kuvukia kwenda Kigamboni. Wavuvi wengi wa Ziwa Victoria wanazijua mashine za HP 15, na mwenye HP 40 huyo anaheshimika mwaloni. Mashine hiyo ya 40 inabeba watu, nyavu na sangara, na maisha yanasonga.

Sasa zidisha mara sita. Kampuni ya Mercury ilipoleta kizazi kipya cha mashine zake mwaka 2018, ilitoa V8 ya lita 4.6, na toleo la HP 250 linatumia injini hiyo hiyo. Land Cruiser V8 ya dizeli, ile ya waheshimiwa, ina injini ya lita 4.5. Kwa hiyo kinachoning'inia nyuma ya boti ya mvuvi kule Marekani ni injini kubwa kuliko ya V8 ya mheshimiwa. Tofauti ni kwamba ile ya mheshimiwa imefungwa kwenye chuma kizito chenye breki, mikanda na mifuko ya hewa. Hii ya mvuvi imefungwa kwenye boti ya faiba ya futi 20 au 21, haina paa, haina mkanda, na breki ndiyo kabisa haipo. Boti haina breki, wadau. Unapunguza moto, maji ndiyo yanakusimamisha, yakipenda.

Boti ya namna hiyo ikikanyagwa inavuka maili 70 kwa saa. Chukua maili 72, ambayo ni kama kilomita 116 kwa saa. Basi la mkoani Bongo linatakiwa lisizidi 80, tena kwenye lami, na dereva akizidisha king'amuzi kinamripoti. Huyu mvuvi yuko kwenye maji yenye magogo, ukungu wa asubuhi na boti za watu wengine, anakula mita 32 kila sekunde moja. Ukipiga chafya hapo umeshavuka nyumba mbili.

Kwa nini mtu anayevua samaki anahitaji kukimbia?

Hili ndilo watu wengi hawalielewi, na bila kulielewa utadhani mastaa hawa ni wapenda sifa tu. Hapana, mchezo wenyewe umejengwa hivyo.

Asubuhi kunapopambazuka, boti zote zinakusanyika gatini. Zinaachiwa moja moja kwa namba. Kuanzia hapo mvuvi ana kama saa nane za kutafuta besi watano wazito kuliko wa wenzake. Ni watano tu wanaohesabika. Akipata wa sita mkubwa zaidi, anamwachia mdogo. Ziwa ni kubwa, na sehemu nzuri inaweza kuwa kilomita 50 kutoka gatini. Kila dakika anayotumia njiani ni dakika ambayo ndoano yake haipo majini.

Halafu kuna kurudi. Kwenye mashindano ya B.A.S.S., ukichelewa kufika gatini unakatwa ratili moja kwa kila dakika, yaani karibu nusu kilo. Ukichelewa zaidi ya dakika 15, mzigo wako wote wa siku hiyo unafutwa. Jiulize mtu aliyeshika samaki wa kumpa ubingwa, saa yake inamwambia zimebaki dakika 20, na mbele yake kuna kilomita 40 za maji yenye mawimbi. Atafanya nini? Atalala kwenye moto. Yeyote angelala.

Kwa hiyo hamu ya spidi inaeleweka. Mtu akikwambia mashine ya 300 ingempa muda zaidi wa kuvua, hadanganyi. Tatizo ni hesabu inayofuata.

Hesabu ambayo wapenda 300 hawaipendi

Kuna kanuni ya zamani ambayo watengeneza boti wanaitumia kukadiria spidi ya boti zinazoteleza juu ya maji. Kwa lugha nyepesi inasema hivi: spidi haipandi sawa na hospawa. Ukiongeza nguvu kwa asilimia 20, spidi inapanda kwa karibu asilimia 9 au 10 tu, kwa sababu maji yanakataa. Kadiri unavyokimbia ndivyo yanavyokubana.

Kutoka 250 kwenda 300 ni ongezeko la asilimia 20. Ile boti ya kilomita 116 kwa saa sasa itagonga kama 127. Kwenye safari ya kilomita 50, wa 250 anatumia kama dakika 26 na wa 300 anatumia chini kidogo ya 24. Tofauti ni dakika mbili na ushee. Kwenda na kurudi haifiki dakika tano, ndani ya siku ya saa nane.

Lakini nguvu ya mgongano haifuati hesabu hiyo ya huruma. Yenyewe inapanda kwa spidi mara spidi. Spidi ikipanda kwa asilimia 9 au 10, pigo linapanda kwa karibu asilimia 20. Yaani zile hospawa ulizoongeza, kwenye muda zinakupa dakika chache, ila kwenye ajali zinarudi zote bila punguzo.

Na hizo dakika chache zinakuwa faida pale tu ambapo wewe unazo na mwenzako hana. Siku sheria ikipanda kuwa 300, kila mwenye uwezo atafunga 300, na foleni ya kwenda kwenye sehemu nzuri itakuwa vilevile. Ni kama uwanjani Simba na Yanga zikicheza. Wa mstari wa mbele akisimama ili aone vizuri, wa nyuma anasimama, mpaka jukwaa zima liko wima. Hakuna anayeona zaidi ya alivyokuwa anaona amekaa, ila miguu ya wote inauma.

Samaki hajui una HP ngapi

Tuseme spidi ndiyo inashindisha. Basi historia ingetuonyesha kwamba anayekimbia mbali na haraka ndiye anabeba kombe. Historia inasema vingine.

Mwaka 2011 Classic ilifanyika New Orleans, kule Louisiana kwenye delta ya mto Mississippi. Maji ya pale ni mtandao wa mifereji na mabwawa usio na mwisho, na kwa miaka mingi stori ya pale ilikuwa mbio ndefu za kushuka mpaka Venice, karibu na bahari, mtu anakula masaa kwenda na kurudi. Aliyeshinda mwaka ule ni bingwa mmoja kutoka Michigan, mmoja wa majina makubwa kabisa kwenye mchezo huu. Alivulia Ziwa Cataouatche, karibu kabisa na gati la kuanzia. Kwa siku tatu alipima ratili 69 na aunsi 11, kama kilo 31 na nusu. Wakati wengine wanachoma mafuta, jamaa alikuwa anachoma muda kwenye maji, ndoano iko chini.

Ukitaka mfano mwingine, mwaka 2019 mashindano ya ligi ya juu kwenye mto St. Johns, Florida, yalishindwa na mzee wa miaka 72. Ndiyo, 72. Vijana wenye nusu ya umri wake, wenye mashine za dari lilelile la 250, walibaki wanapiga makofi. Mzee yule hakuwashinda kwa mashine. Aliwashinda kwa kujua samaki wamelala wapi na kwa subira ya kukaa palepale mpaka wakubwa waje.

Isitoshe, B.A.S.S. haohao wana mashindano ya kayaki. Watu wako kwenye viboti vidogo vya plastiki, wanapiga kasia au pedali, wanampima samaki kwa urefu, wanampiga picha, wanamrudisha majini. Samaki wakubwa wanatoka. Kwenye ziwa Pymatuning, mpakani mwa Pennsylvania na Ohio, sheria hairuhusu kuendesha kwa zaidi ya HP 20, na watu wanashindana huko kama kawaida. Hakuna samaki aliyewahi kukataa chambo kwa sababu mwenye ndoano alikuja taratibu.

Hata mwanzo wa mchezo unasema hivyohivyo. Classic ya kwanza, 1971, iliandaliwa na muuza bima wa zamani kutoka Alabama ambaye ndiye aliyeuanzisha mchezo huu kama unavyojulikana leo. Wavuvi 24 walipandishwa ndege bila kuambiwa wanaenda ziwa gani. Wakiwa hewani ndipo walipoambiwa ni Lake Mead, Nevada. Waliposhuka walikuta boti zinazofanana. Mshindi alibeba dola 10,000 na wengine wote walirudi mikono mitupu. Wazo la mwanzilishi lilikuwa kwamba ubishi wa nani anajua kuvua umalizwe na kichwa cha mvuvi, sio na mfuko wake.

Bili inakwenda kwa nani?

Hapa ndipo penye ishu yenyewe. Kuna kipindi dari lilikuwa HP 150. Likapanda, likapanda tena, mpaka 250. Kila lilipopanda, hoja zilikuwa hizihizi za leo: viwanda vimeendelea, boti zimekuwa kubwa, usalama umeboreshwa. Na kila lilipopanda, yule kijana aliyekuwa amejikusanya mpaka akapata boti ya mtumba yenye mashine ya dari la zamani aliamka asubuhi na kukuta yuko nyuma.

Mashine mpya ya HP 250 kule Marekani inaanzia kwenye dola 25,000 hivi. Kwa hela ya Bongo hiyo inavuka milioni 60, na bado hujanunua boti. Boti kamili mpya yenye kila kitu inaweza kuvuka dola 100,000. Mafuta nayo yapo: mashine hiyo ikikanyagwa mpaka mwisho inanywa zaidi ya lita 80 kwa saa. Na ada ya kushiriki msimu mzima wa ligi ya juu imekuwa ikivuka dola 40,000. Staa mwenye wadhamini hili halimtishi. Kiwanda cha boti kinampa boti, kiwanda cha mashine kinampa mashine, yeye anabandika nembo na kusema asante. Dari likipanda kuwa 300, staa anapigiwa simu aje achukue mpya. Kijana aliyeko chini anapiga simu benki.

Na sheria ya juu haibaki juu. Vilabu vya mitaani vinaiga ligi kubwa, mashindano ya wikiendi yanaiga vilabu, na bei ya mtumba inafuata. Ndiyo maana dari la hospawa, hata kama halikuandikwa kwa ajili ya mtu asiye na kitu, ndilo linalomlinda kuliko maneno yote ya kwamba mchezo huu ni wa kila mtu.

Viwanda navyo haviwezi kuachiwa viamue. Mwaka 2018 Yamaha walitoa mashine ya nje ya HP 425. Mwaka 2021 Mercury wakaja na V12 ya HP 600. Hizo ni za boti kubwa za baharini, sawa, lakini zinaonyesha kwamba kiwandani hakuna siku mtu atasema imetosha. Kazi yao ni kuuza namba kubwa kuliko ya mwaka jana. Kazi ya kusema imetosha ni ya mwenye mashindano.

Na yule ambaye hata hashindani?

Maziwa yale si uwanja wenye uzio. Ni maji ya umma. Kuna baba na mtoto kwenye kiboti kidogo, kuna wazee wanaovua kwa raha zao, kuna watu wamekodi boti na mwongozaji ili wapumzike. Hawa hawajasaini fomu yoyote ya mashindano.

Aprili 2025, kwenye ziwa Lewis Smith huko Alabama, boti ya mshindani wa mashindano makubwa iligongana na boti nyingine ambayo haikuwa kwenye mashindano. Ilikuwa asubuhi, mashindano yametoka tu kuanza siku hiyo. Watu watatu waliokuwa kwenye boti ile nyingine walifariki, na mashindano yakasitishwa. Chanzo na lawama ni kazi ya wachunguzi na mahakama, sio ya blogu, na hakuna anayepaswa kupewa hukumu kwenye komenti. Pia ni haki kusema wazi kwamba dari la hospawa peke yake halizuii kila ajali. Lakini msiba ule uliwakumbusha watu jambo ambalo mabishano ya hospawa huwa yanalisahau. Kila mtu anayebishana kuhusu 250 au 300 anazungumzia anayeendesha. Hakuna anayemzungumzia aliyeko mbele yake.

Wenzetu wameshaweka sheria nyingine nzuri. Mshindani lazima avae jaketi okozi muda wote mashine kubwa inapofanya kazi, na lazima ajifunge ile kamba inayozima mashine akirushwa nje. Tangu Aprili 2021 sheria ya nchi nzima inawataka waendeshaji wa boti za chini ya futi 26 watumie kamba hiyo boti ikiwa kwenye mwendo. Safi kabisa. Ila angalia vizuri: jaketi na kamba vinamlinda aliyeko kwenye boti yenye HP 250. Yule wa kwenye kiboti kidogo analindwa na kitu kimoja tu, nacho ni spidi ya anayekuja.

"Lakini mashine kubwa ni salama zaidi"

Haki itendeke, hoja za upande wa pili zisikilizwe.

Ya kwanza: boti za siku hizi ni nzito, zimejaa betri, skrini na sona, kwa hiyo zinahitaji nguvu zaidi. Ni kweli zimekuwa nzito. Ila uzito huo umepakiwa na nani? Mtu anajaza vitu kwenye boti mpaka inalemewa, halafu anadai mashine kubwa kwa sababu boti imelemewa. Huo ni mduara. Tena kwenye skrini waandaaji wameshaonyesha kwamba mipaka inawezekana: kuanzia msimu wa 2025 ligi ya juu ya B.A.S.S. iliweka kikomo cha jumla ya inchi 55 za skrini kwenye boti moja. Ndiyo, inchi 55, TV ya sebuleni. Kelele zilikuwepo, na mashindano yaliendelea.

Ya pili: mawimbi yakichafuka, nguvu ya ziada inakutoa kwenye hatari. Kweli, nguvu inasaidia kupanda wimbi. Lakini HP 250 kwenye boti ya futi 21 sio upungufu wa nguvu. Na kwenye mawimbi makubwa anayeokoka ni anayepunguza moto na kusoma maji, au anayeamua mapema kutokwenda.

Ya tatu ndiyo nzito zaidi: tatizo ni spidi, sio hospawa, kwa hiyo dhibitini spidi. Mwenye 300 anayeendesha kistaarabu ni salama kuliko mwenye 150 mwenye wazimu. Hapo hakuna ubishi. Ila hospawa zinakaguliwa gatini kabla ya boti kutoka, mtu anaangalia mashine na kibao, imeisha. Spidi inatakiwa ichungwe ziwa zima, kutwa nzima. Kama waandaaji wako tayari kuweka vifaa vya kufuatilia mwendo, kuweka spidi ya mwisho kwa zile dakika za kwanza asubuhi na karibu na boti za watu wengine, na kulegeza ile adhabu ya ratili kwa dakika inayowafanya watu warudi kama wamefukuzwa, wafanye hivyo kesho. Vitu hivyo vije juu ya dari la 250. Visije kuwa kisingizio cha kulitoboa.

Dari libaki pale pale

Mchezo wowote una kitu kimoja ambacho ndicho unapima. Ndondi zina uzito kwa sababu zinapima ngumi, sio kilo. Uvuvi wa mashindano unatakiwa kupima nani anamjua samaki, na HP 250 tayari ni ukarimu mkubwa kwa mtu ambaye kazi yake ni kutupa ndoano. Siku ikifika ya kuigusa namba hiyo, iguswe kwenda chini. Mshindani akipewa 200, atachelewa dakika tatu kufika kule kwa mbali, na wenzake wote watachelewa dakika hizohizo tatu. Ubingwa utabaki kwa anayestahili. Kijana wa mtumba atapumua. Na mzee aliyetoka na mwanawe asubuhi kuvua kwa raha zake atapata nafasi kubwa kidogo ya kuonwa kabla hajafikiwa.

Mastaa wanaotaka spidi wana pa kwenda. Mbio za boti zipo, zina njia iliyofungwa, zina waokoaji pembeni, na kila aliyeko majini amejua anaingia wapi. Huko wafunge hata 600. Ila ziwani, kwenye maji ya kila mtu, 250 zinatosha.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Dari libaki 250, lipande, au lishuke? Shusha komenti yako hapo chini, ila hoja kwa hoja, matusi hapana.